Neno Kwenye Mlango wa Lori

Mbele ya duka la Dirie sokoni Kanyangi kulikuwa na benchi, na kila mchana kahawa yake ya tangawizi iliwakusanya wale wale. Kilonzo, aliyewahi kuwapikia Wazungu misheni akarudi na Kiingereza, aliitwa Dikshonari. Ndululu, aliyezipata habari kabla ya wenyewe, aliitwa Redio. Muli hakuwa na jina la utani. Alikuwa tu baba yake Muthama, kijana aliyechukuliwa jeshini na kumaliza miaka mitatu bila kuonekana. Mchana mmoja wa mwaka 1974, lori ya jeshi ikasimama kidogo penye mashine ya kusaga, kisha ikashika njia ya kwa Muli.

Redio akaja mbio, viatu mkononi.

— Muli! Hao askari wanaenda boma yako! Wametaja jina!

Muli akainuka akicheka.

— Ni kijana wangu wameleta!

Dikshonari hakucheka. Akavua kofia polepole.

— Kaa chini, Muli. Mimi nimesoma mlango ya hiyo lori ikipita. Si, o, aa, pi, es. Kopsi.

— Ndiyo nini?

— Maiti.

Kikombe kikamponyoka Muli, kahawa ikamwagikia miguu. Hata hakusikia moto wake.

— Ngoja, akasema Redio. Kopsi si huwa na E mwisho?

— E imefunikwa na vumbi.

— Ama hiyo S ni ya wingi. Mmoja ni kopu, wengi ni kopsi.

— Wengi? Dirie akashtuka, birika mkononi.

— Na mbele yake iliandikwa mainjinia, Dikshonari akaongeza kwa sauti ya chini. Lori nzima ya mainjinia.

— Wallahi! Na hakuna vita!

— Basi imeanza leo, akasema Redio. Serikali haijatangaza, watu wasitoroke.

Muli alikuwa hasikii tena. Muthama alikuwa injinia wa jeshi, wa kujenga madaraja. Akaanza kuelekea nyumbani. Hapo mayowe ya mke wake, Kalondu, yakasikika kutoka nyumbani, marefu, ya kukata maini. Dirie akaanza kufunga duka.

— Ngai wakwa, Mungu wangu, akasema Muli, akaketi mavumbini.

Alikuwa bado hapo, uso mikononi, aliposikia buti zikisimama mbele yake.

— Baba, kwani nani amekufa?

Muli akainua macho. Akamshika Muthama shavu, akamshika sikio, akamshika mkanda wa kombati, sare yake ya jeshi. Alikuwa na joto. Nyuma yake Kalondu alikuwa bado anapiga mayowe ya furaha, amemng'ang'ania mwanawe shati.

Dikshonari ndiye aliyeeleza, akitazama chini. Muthama akacheka, kisha alipoona machozi ya baba yake akaacha.

— Mzee Kilonzo, hiyo inasomwa "ko". Maana yake ni kikosi. Pi na es hazisomwi.

Kalondu, ambaye hakuwahi kuketi kwenye benchi lile, akageuka.

— Kama hazisomwi, waliziandika za nini?

Muthama akamtazama Dikshonari. Dikshonari akamtazama Redio, na Redio, kwa mara ya kwanza Kanyangi, hakuwa na habari.