Mulukhiya Niliyoipika Kimya

Fungeni mlango wa ngazini, wanangu, lakini huu wa chumba cha baba yenu uacheni wazi, maana haya nitakayoyasema ni yake pia, na yeye ndiye shahidi wangu wa pekee. Gharib, kaa. Nagat, acha kunipangusa jasho, mama, sijawa maiti bado. Na wewe Inshirah, mke wa Gharib, usisimame kizingitini kama jirani aliyekuja kuazima chumvi. Ingia, kaa hapa kitandani, karibu na miguu yangu. Leo Ijumaa, adhana bado, na nimemwomba Mungu pumzi za kutosha neno moja tu.

Nimechoka. Msidhani ni huu ugonjwa wa tumbo ulionichosha. Ugonjwa umenikuta nimeshachoka. Ni miaka kumi na moja tangu baba yenu Mitwalli apasuliwe kifua akawekewe vali ya chuma moyoni, ile inayogonga tik, tik mpaka wajukuu wakambandika jina la Babu Saa. Watu walileta machungwa, wakampa pole, wakaenda zao. Mimi nikabaki na vidonge vya kuzuia damu isigande, na safari ya maabara kila mwezi, na kumnyoa polepole nisije nikamkata, na kuisikiliza hiyo tik, tik nikiwa jikoni, nikiwa kwenye sijida, nikihofu itanyamaza. Kila niliyekutana naye sokoni aliniuliza, "Mitwalli hajambo?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Sekina, na wewe je?" Nanyi vilevile, msinune. Gharib ulikuwa ukisema, "Mama ndiye anayejua." Nagat ulikuwa ukipiga simu kutoka Tanta, "Mwangalie vizuri, mama, usimpe chumvi." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilipoanza kuona damu yangu mwenyewe, nilisema nitakwenda kwa daktari baada ya kipimo chake cha mwezi huu, na mwezi uliofuata nikasema hivyohivyo. Hayo yamepita, siwalaumu.

Neno lenyewe ni hili. Siku aliyotoka hospitali tuliambiwa ajihadhari na mboga za majani, zinashindana na dawa yake. Sikuuliza ni kiasi gani. Niliona haya kumsumbua daktari, nikarudi nyumbani nikapiga marufuku mulukhiya, huu mlenda wetu ambao mwanamume wa hapa Zifta huulilia kuliko anavyomlilia mama yake. Marufuku kabisa, hata harufu. Na baba yenu, ulimi wake mnaujua. "Sekina, mke wa jirani anampikia mumewe mulukhiya na sungura, mimi unanilisha pamba ya hospitali." "Sekina, wewe unaniuguza au unanizika kwa mafungu?" Mwanzoni tulikuwa tukicheka. Kufika mwaka wa nane nilikuwa sioni tena cha kuchekesha.

Wiki ile, miaka mitatu iliyopita, mgongo ulikuwa umenikatika kwa kumwinua na kumlaza. Nilimpelekea mumunye la kuchemsha, akaisukuma sahani ikaanguka. "Hata punda wa mkokoteni hupewa majani!" Nikainama kuokota vipande, na nilipokuwa nimeinama pale nilitamani afe. Naam, Nagat, usizibe mdomo. Nilitamani afe ili nilale. Nikaenda sokoni, nikanunua mulukhiya, nikampikia siku tano mfululizo, bakuli tele, nikimwambia, "Kula, bwana, kula mpaka ushibe." Naye maskini alikula akanibusu mkono, akidhani ni mapenzi. Siku ya kwanza ilikuwa hasira. Siku ya tano hata mimi sijui ilikuwa nini, maana nilikuwa nafurahi kumwona akifurahi. Anayejua ni Mungu.

Na nilipika kimya. Mnajua kwetu mwanamke akimimina kitunguu saumu na giligilani za kukaangwa kwenye chungu cha mulukhiya, huvuta pumzi kwa sauti, haa!, la sivyo wanasema haikolei. Mimi nilijiziba mdomo kwa mtandio ili nisisikike ngazini. Lakini wewe Inshirah, wiki hiyohiyo ulipika yako huko ghorofani kwa ajili ya wanao, ukaivuta pumzi yako bila kujificha, kwa kuwa hukuwa na cha kuficha, na nyumba nzima ikasikia.

Siku ya sita kiharusi kikamwangusha. Hospitali wakauliza amekula nini. Nagat ukarudi nyumbani, ukakuta bakuli lenye masalio ya mulukhiya chini ya kitanda, ukapanda ngazi unapiga kelele: "Ni wewe! Majirani wote wamekusikia unapika! Unataka baba afe uteremke kuichukua nyumba ya chini?" Inshirah akaapa mpaka sauti ikamkauka. Gharib hukumwamini mkeo, ukamrudisha kwao miezi saba, na hata aliporudi mlimkataza kugusa chakula cha mgonjwa. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Nilijiambia, nikisema, wakinifukuza, nani atamuuguza? Uongo huo. Nilinyamaza kwa woga. Adhabu ya kaburi aijua maiti, lakini mimi nimeijua ningali hai.

Na baba yenu, ambaye tangu siku hiyo hana neno ila "aa", alisikia mkimtukana mtoto wa watu. Akalia. Akaunyoosha ule mkono wake mzima kunielekea mimi, nanyi mkasema, "Baba ana kiu." Mnakumbuka? Nikampa maji. Akayanywa huku akinitazama, na mpaka leo sijaweza kuyatazama macho yale sawasawa.

Mwaka jana nikapata ujasiri, nikamuuliza daktari. Akasema labda ni ile mulukhiya, labda siyo, hawezi kuapa. Kisha akasema baba yenu angeweza kula kidogo muda wote huo, kipimo kilekile kila wiki, mradi tuwaambie wampangie dawa kwa hesabu hiyo. Kidogo, wanangu! Miaka minane ya magomvi, na dawa yake ilikuwa swali moja.

Inshirah, mwanangu, nisamehe ukiweza, ila usinisamehe kwa sababu tu ninakufa. Bangili zangu ni zako. Kwa sheria mrithi hausiwi mali, lakini wewe si mrithi wangu, kwa hiyo hakuna wa kukupinga. Gharib na Nagat, mtamwomba radhi palepale ngazini, kwa sauti ileile mliyomtukania, majirani wasikie. Na baba yenu nawaachia wote. Kidole kimoja hakivunji chawa. Gharib utamnyoa na kumpeleka maabara. Nagat, siku tatu za wiki uwe hapa kwa miguu yako, si kwa simu. Msimtwike Inshirah peke yake kwa kuwa yuko karibu. Mkifanya hivyo, radhi zangu hamna. Na kila mwenye zamu, muulizeni hali yake kwanza, kisha ndipo muulize ya mgonjwa.

Niinueni kidogo... hapo. Mungu awape afya. Awape na usingizi, ndiyo dua yangu, usingizi mtamu... Inshirah, jikoni kuna mulukhiya, fungu moja, na daktari anajua. Nenda ukampikie bakuli dogo. Mlango uache wazi. Ukifika kwenye kitunguu saumu, ivute hiyo pumzi, mwanangu, kwa nguvu, nyumba nzima isikie... Mitwalli, sikiliza... Mimi sina tena ya kuvuta. Nivutie... na yangu.