Alisema Yuko Ukingoni

Sogeeni karibu, Beatus na wewe Restituta, na wewe Careen mkwe wangu usisimame mlangoni kama mgeni, njoo ukae kwenye kigoda hiki karibu na kichwa changu, maana kifua hakinipi tena sauti ya kufika mbali, na nitakayosema sina nguvu ya kuyarudia. Padri amenipaka mafuta asubuhi na nimeungama kwake, lakini lipo jambo moja ambalo kuungama kwa padri hakutoshi, kwa sababu si yeye niliyemdanganya.

Nianze na mali, ndiyo mnayoiwaza, wala siwalaumu. Karakana hii na vifaa vyake vyote ni ya Beatus. Nyumba ni ya Restituta, aolewe asiolewe. Shamba la mpunga la Idete, kutoka mfereji mpaka kwenye matete, lote ni la Careen na binti yake Evelina. Najua, Beatus, umesema kaka yako Fulgensi ameshakufa, mjane wake arudi kwao Mahenge. Harudi. Nisikilize mpaka mwisho ndipo unune.

Careen, wewe mchezo wetu wa Jumapili hukuukuta vizuri, kwa hiyo nieleze. Aliuleta Reto, yule fundi wa Kiswisi aliyefanya kazi na mimi mwaka tisini na moja. Mmoja huwa msimulizi, huwaambia wenzake wako wapi na mbele yao kuna nini. Wenzake kila mmoja hushika mtu wa kubuni, mwenye jina na nguvu zake, akasema mtu wake anafanya nini. Na penye shaka hurushwa dadu yenye nyuso ishirini, nayo husema kama limewezekana au limeshindikana. Reto alisema kwao huweka mezani visanamu vya kuonyesha kila mtu amesimama wapi. Mimi ni seremala, nikavichonga, vya mninga, vizuri kabisa. Tulivitumia Jumapili tatu tu. Watu walikodolea macho mbao, wakagombania upana wa kidole, hadithi ikalala. Ndaki, yule Msukuma aliyekuja kuagiza mkokoteni wa ng'ombe akaishia kukaa nasi kila Jumapili baada ya misa, akasema, "Mzee Teofili, mimi kusoma sijui, lakini mtu wangu namwona vizuri. Nikikitazama hiki kijiti, namkosa." Nikavigawa kwa watoto wa jirani, nikaweka sheria moja: mtu amesimama pale aliposema amesimama. Neno lake ndilo kisanamu chake. Reto alipoondoka akaniachia dadu na kiti cha msimulizi, na miaka mitatu sheria hiyo haikuvunjwa na mtu.

Niliivunja mimi.

Wiki ile Fulgensi alikuwa ameniambia hataki tena useremala, anataka kwenda Idete akalime mpunga na wewe, Careen, uliyekuwa mchumba wake. Nilimkasirikia kimya kimya siku nne, nikaja nayo mezani. Nikasimulia mto uliojaa, na ndani yake mnyama. Ndaki akasema anaingia majini. Fulgensi akasema mwindaji wake, yule mtu wake wa kubuni, anabaki ukingoni kushika kamba. Nikarusha dadu, nikasema mnyama amemchukua mwindaji, amekufa.

Akasema, "Baba, mimi sikuingia majini. Nilisema niko ukingoni."

Nikamwambia sikusikia.

Ndaki akasema, "Alisema, Mzee. Hata mimi nilisikia."

Nikamwambia Ndaki msimulizi ni mimi. Mwindaji yule Fulgensi alikuwa amemlea miaka mitatu, lakini sidhani kama alikuwa anamfikiria yeye. Akaniuliza taratibu, "Kweli hukusikia, Baba?" Nami nikamjibu, mbele ya watu, kwamba asiyejua kusema ya kueleweka asimlaumu anayesikiliza, na kwamba kama nyumba hii haimsikii aende akasikike kwingine.

Akakunja karatasi yake, akainuka, akaniambia, "Shikamoo, Baba," kama mtu anayefika, kumbe anaondoka.

Nilisikia, wanangu. Nilisikia kila neno lake, na neno ukingoni nililisikia kuliko yote.

Mengine mnayajua, ila hamjui chanzo chake. Alijenga kibanda Idete karibu na boma la Ndaki, mkafunga ndoa, Careen, na mimi sikuhudhuria, nikasema mgongo unaniuma. Masika ya tisini na tano homa ikampanda. Siku ya tatu Ndaki akampakia kwenye mkokoteni niliomtengenezea mimi, akasukuma na ng'ombe wake kwenye maji ya magoti, lakini mto Lumemo ulikuwa umefurika, ikabidi azunguke, na mwanangu akakata roho njiani. Ndaki akamleta mpaka mlango huu. Sikulia. Nilipima mbao, nikakata, nikapiga randa jeneza hata upande wa ndani usioonekana. Nilingoja uchungu uje. Haukuja msibani, haukuja arobaini, na leo nauulizia kifuani mwangu nasikia kohozi tu.

Kisha ukaja wewe, Beatus, ukaniuliza kwa nini Fulgensi aliacha nyumba ya baba yake akahamia kwa mtu wa kuja, kama si kwamba Ndaki alimpa dawa. Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikasema, "Mungu anajua." Maneno mawili. Ulichukua maneno hayo ukaenda nayo Idete, na watu wakayaongeza. Hawakumuuzia chumvi, wanawe walipigwa mawe kisimani, ng'ombe wake wawili wakachomwa mikuki, na mtu aliyembeba mwanangu mvuani akawa mchawi aliyemuua. Mimi nilikuwa hapa napiga randa. Ulimi hauna mfupa, wanasema, lakini wangu siku zile ulikuwa na mfupa, ulikataa kupinda.

Siku Ndaki anahama alipita kuniaga. Nikampa maji, akanywa akiwa amesimama. Akasema, "Mzee, neno lako moja lingetosha." Hakupandisha sauti. Akarudisha kikombe, akaenda kuvusha mifugo iliyobaki.

Ndiyo hayo. Fulgensi hakulogwa. Nilimfukuza mimi, kwa uongo wa mezani, halafu nikauacha uongo huo umle mtu wa pili. Usilie, Restituta, nipe maji kwanza. Kidogo tu. Basi.

Mnizike Jumamosi, msichinje ng'ombe, wali na maharage vinatosha. Dadu iko kwenye droo ya meza kubwa, mpeni Evelina, na akitaka kucheza mumfundishe. Kabla udongo haujashuka, mmoja wenu asimame aseme mbele ya watu wote haya niliyosema, bila kupunguza, hata pale yanaponiaibisha. Hasa pale.

Careen, sikuombi unisamehe leo. Lima shamba lako.

Na wewe, Beatus... ngoja, pumzi... Ndaki yuko ng'ambo ya kivuko, upande wa Lupiro. Amekuzidi umri, na miaka mitatu hujamwamkia. Ukifika, mwambie shikamoo. Asipoitika, simama hapo hapo, usiondoke, mpaka aitike au akufukuze, na akikufukuza rudi kesho yake. Akiitika, mwambie baba alisikia. Sema hivyo hivyo. Atajua.

Mungu awatunze. Awape mpunga wa kutosha, na watoto, na... na masikio. Nawabariki wote watatu, na aliyetangulia, kama... kama baraka yangu inamfika.

Sasa mbona bado umekaa, mwanangu? Usiningojee. Kivuko kinafungwa saa kumi na mbili. Nenda.