Jiwe la Njia ya Makutupora

Kijiwe cha kahawa cha Mustapha kiko Nkuhungu, ubavuni mwa duka la mabati: benchi mbili, jiko la mkaa na sinia la kashata. Jumamosi ile alasiri upepo ulikuwa unarusha vumbi, na waliokaa kwenye benchi walifunika vikombe kwa viganja bila kukatiza maneno. Mada ilikuwa gari dogo la kijivu, bovu, la mwenzao Nathanaeli, lililoegeshwa hatua tano tu kutoka kwenye jiko. Saa kumi na moja angekuja mtu wa vipuri kulinunua kama lilivyo. Damas, ambaye pale wanamwita Injinia kwa sababu aliwahi kuuza beringi, alikaa mwisho wa benchi akijua kitu ambacho wenzake hawakukijua. Wiki tatu nyuma aliliazima gari hilo kwenda msibani Makutupora, na kwenye njia ya mashamba ya zabibu jiwe liligonga chini ya gari, mlio mmoja mzito. Alishuka, akachungulia, hakuona kitu. Akaliosha, akalirudisha, akanyamaza.

— Hebu rudia, Nathanaeli, inafanyaje hasa? aliuliza Sila, karani wa chuo kule Chimwaga, ambaye kijiwe kilimpandisha cheo kikamwita Profesa.

— Unaweka gia ya D, haiendi. Inakaa kama inafikiria. Unahesabu moja, mbili, tatu, ndiyo inaruka. Kwenye kilima injini inalia tu, gari haipandi.

— Giaboksi imekwisha hiyo, alisema Fredy. Fredy huendesha gari la bosi mmoja serikalini, kwa hiyo anaitwa Mheshimiwa.

— Za otomatiki zina kompyuta, aliendelea. Kompyuta ikichoka, imechoka.

— Kompyuta haichoki, Mheshimiwa, alisema Sila. Tatizo ni mwinuko. Hii gari Nathanaeli aliinunua Dar, imezoea hewa nzito ya pwani. Huku juu hewa nyepesi, giaboksi inakosa pumzi.

— Giaboksi inapumua?

— Kila kitu kinapumua.

— Iko hapa mwaka wa nne sasa, Profesa. Ilikuwa imebana pumzi miaka yote hiyo?

Walicheka. Nathanaeli hakucheka. Alikuwa anaangalia saa.

— Injinia, mbona leo umepoa? aliuliza Fredy. Wewe unasemaje?

Damas alisikia macho yote yakimgeukia. Alijua hapo ndipo pa kusema. Badala yake ulimi wake ukatafuta pa kukimbilia.

— Mimi nadhani ni umeme, alisema. Nathanaeli anapita sana Zuzu. Kule kuna nyaya za treni ya umeme. Ukipita chini yake kila wiki, giaboksi inaingiwa na sumaku. Vyuma vya ndani vinashikana.

Hata yeye hakuamini alichokisema. Lakini Sila alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeona mwanga, na Fredy akasema kumbe ndiyo maana redio ya bosi inakoroma wakipita kule. Damas akanywa kahawa yake. Ilikuwa chungu kuliko siku zote.

— Basi, alisema Nathanaeli. Sumaku, hewa, kompyuta, yote mamoja. Acha iende. Ruthu ameshaanza kuzoea kutembea kwa miguu.

Ruthu ni mkewe. Alivunjika nyonga mwaka juzi, na kliniki ya mazoezi iko mbali. Damas alikuwa amemwona Jumatano, na gongo lake, akipumzika kwenye kila nguzo ya umeme. Alikata kona ili asilazimike kumsalimia.

Wakati huo kigari cha mizigo kilisimama, nyuma kimejaa mitungi ya gesi. Aliteremka mwanamke mwenye ovaroli.

— Shikamooni. Naitwa Violeth, nasambaza gesi, namtafuta mteja wangu wa nyumba yenye geti la bluu. Na kahawa moja, kaka.

Mustapha alimmiminia na kumwelekeza. Violeth alisikiliza mjadala mpaka kikombe kikafika nusu, kisha akauliza:

— Stiki ya kupimia mafuta mmeivuta?

— Ya injini iko safi, alijibu Fredy.

— Ya giaboksi.

Hiyo hakuna aliyekuwa ameivuta. Violeth akaomba ufunguo. Aliwasha gari, akaliacha kwenye P, gia ya kuegesha, mpaka likapata moto, akavuta stiki, akaipangusa, akairudisha, akaivuta tena. Ncha ilikuwa imelowa kidogo tu.

— Mafuta bado ni mekundu, na hayanuki kuungua. Ndani hakujafa kitu bado. Yamepungua tu.

Alisukuma kipande cha boksi la sabuni chini ya gari. Baada ya muda alikitoa kina matone matatu mekundu.

— Inavuja kwenye sahani ya chini ya giaboksi. Msiiendeshe tena mpaka izibwe na ijazwe. Iligonga nini?

— Haijagonga kitu, alisema Nathanaeli. Mimi naiendesha kama nimebeba mayai.

Fredy alimtazama Sila, na Sila akamtazama Fredy. Damas aliweka kikombe chini.

— Ni mimi, alisema. Jiwe, ile siku ya msiba. Nililisikia.

Violeth alirudisha ufunguo, akalipa kahawa yake, akaenda kutafuta geti la bluu. Nathanaeli alitoa simu, akamwambia mtu wa vipuri asije. Kisha akakaa, si mahali pake pa siku zote, bali karibu na Damas.

— Wiki tatu tunakunywa kahawa benchi moja. Mbona hukusema?

Damas alimnyooshea Mustapha kikombe. Mustapha aliinamisha birika. Yakatoka machicha ya kahawa tu.

— Kesho kutwa Ruthu ana kliniki, aliendelea Nathanaeli.

— Nitakuja na bajaji, alisema Damas. Na fundi wa kuziba ni juu yangu.

— Njoo. Ila upite ndani kwanza, umwambie wewe mwenyewe.

Damas aliitikia kwa kichwa. Habari za giaboksi angeweza kuzieleza mpaka jua lizame. Hili la kumwambia Ruthu, hakujua angelianza na neno gani.