Siri ya Sajini

Benchi ni langu, nalisema mapema kwa sababu hapa kila mtu hujifanya mwenyeji. Liko kati ya meza yangu ya kushonea viatu na karakana ya wachomelea vyuma wawili: Cheche, mwenye maneno mengi, na mwenzake tunayemwita Kimya. Wamefanya kazi pamoja tangu wakiwa makapera, na wana sharti lao: anayechomelea hagongi. Mmoja akiunga chuma, mwenzake ndiye anayekipiga nyundo kuhakikisha kimeshika, ndipo kazi itoke. Kahawa ikifika, kinyozi wa jirani, Wembe, hutusomea sura moja ya riwaya ya upelelezi. Leo alisoma pabaya. Inspekta kaingia ghalani akiamini Sajini wake anamlinda mgongo. Kumbe muuaji wanayemsaka ni ndugu yake Sajini, na Sajini alijua tangu mwanzo. Inspekta kachomwa kisu. Wembe akafunga kitabu, nasi tukawaka.

— Huyo Sajini ni muuaji kuliko muuaji, Cheche alisema.

— Taratibu, nikamwambia. Ni ndugu yake, tumbo moja. Wewe ungemtaja?

— Ningemtaja. Mtu unakula naye, unampa mgongo wako, halafu anakuficha?

— Inspekta hafi, Wembe akasema. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kaingia ghalani kama mgeni, basi atapona.

— Anayepona ni mwenyeji, wewe. Mgeni ndiye kachomwa, nikamwambia.

— Basi Inspekta ana pacha. Nimeshawaza. Aliyechomwa ni pacha, na huyo pacha ndiye mkuu wa polisi.

— Na wewe ni nani humo, farasi?

— Cheka tu. Sura ya mwisho itakuumbua.

Kimya alikuwa akipapasa benchi akitafuta kikombe chake, nacho kiko pale pale mbele ya goti. Cheche alimtazama akipapasa mpaka mshipa wa shingo ukamtoka.

— Muulizeni huyu. Mambo ya akina Sajini anayajua yeye.

— Sema unalotaka kusema, Kimya akajibu. Usijifiche nyuma ya kitabu.

— Huoni. Macho yamekwisha kwa moto wa kuchomelea, na mimi mwenzio hukuniambia.

Wembe akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

— Ningekuambia ili iweje? Ili unipe ufagio? Nina watoto wanasoma.

— Ili nijue. Mimi nashika chuma, wewe unachomelea karibu na vidole vyangu. Vidole vyangu, ndugu yangu.

— Umejua lini?

Cheche akakitua kikombe chake chini.

— Tangu lile geti la zahanati. Moto ulipita pembeni kabisa ya maungio. Toka siku hiyo nawahi asubuhi, narudia kazi yako kabla hujafika.

— Na mchana unawaambia wateja mkono wangu hauna mfano.

— Nilikuwa nakustiri.

— Hukunistiri, umenifanya mtoto. Nakuuliza umegonga, unasema imeshika. Narudi nyumbani najidanganya bado ni fundi. Sajini ni wewe.

— Mimi? Mimi ninayekosa usingizi kwa ajili yako?

— Akili ni mali, Wembe akadakia, kwa hiyo Inspekta naye alijua.

— Nyamaza, wakamwambia wote wawili.

Na mimi nilikuwa nimekasirika, nisiseme uongo. Ningeweza kukamata kichwa cha huyu na cha yule nikavigonganisha. Watu wazima wanaoitana ndugu, kila mmoja anamdanganya mwenzake kwa huruma, na sisi tunaopita chini ya mageti yao hatuna habari.

Ndipo akatokea mwalimu mkuu wa chekechea ya mtaa wa nyuma, mwanamke mwenye haraka zake, chaki bado iko vidoleni.

— Habari zenu, mafundi. Ile ngazi ya darasa la juu imependeza, asanteni sana. Nina swali moja tu. Inabeba watoto wangapi kwa mara moja?

Kimya akageuza uso upande aliko Cheche.

— Uliirudia?

— Jana nilikuwa msibani. Niliporudi nikakuta imeshachukuliwa. Si wewe uliyeiruhusu itoke?

— Nilidhani umeshaigonga kabla hujaenda msibani.

— Sijaigonga.

Mwalimu akacheka kidogo, akidhani wanataniana.

— Jamani, si swali gumu. Wameshapanda wote, wako juu wanaimba. Nataka tu kujua niwashushe wangapi wangapi.

Cheche alimkamata Kimya mkono, wakakimbia.