Sauti ya Bwana Bramwel Dirishani

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne, Bwana Bramwel Amukoa, karani wa mapokezi, alikabidhi daftari na kustaafu. Ukarani ni cheo cha kwenye barua. Kazi yake hasa ilikuwa kuita majina, na zahanati yetu ya kisiwani, hapa karibu na Faza, haijapata kuwa na sauti kama ile. Akiita dirishani, hata aliyekwenda kununua mahamri gatini alijua zamu yake imefika.

Alitoka Kakamega mwaka 1996, kijana aliyeogopa mashua kuliko nyoka. Wiki ya kwanza alimtangazia mwalimu mkuu mstaafu, mbele ya mabenchi yote, kwamba dawa yake ya minyoo iko tayari. Mzee hakuonekana tena kwa miezi miwili, alimtuma mkewe. Hapo Bramwel akajifunza adabu za kwetu: jina kwa sauti, ugonjwa kwa siri. Akajifunza pia nani mwana wa nani, mpaka akawajua jamaa zangu kuliko mimi.

Agosti mwaka juzi akashikwa na mafua. Tulimcheka, maana alipiga chafya kama anavyoita. Homa ikaisha kwa siku tano, sauti haikurudi. Mimi, mtu wa maabara, mjuzi wa kila kitu, nikamwagiza tangawizi na asali. Wiki sita baadaye daktari wa Mombasa akamtazama kooni kwa kamera, akaeleza jambo lililonitia haya: mara chache, virusi vya mafua vikishaondoka, huacha neva zimeumia. Neva inayoendesha uzi mmoja wa sauti ilikuwa imelala, basi nyuzi mbili hazikutani na pumzi inapita bure. Neva huchukua miezi mingi kupona, na nyingine haziponi. Bramwel alitaka kitu kimoja tu: aite tena kabla ya siku yake ya mwisho kazini.

Tukajaribu njia nyingine. Niliita mimi siku mbili. Wagonjwa watatu wakasinzia mbele yangu. Tukagawa namba; Bi Rumaisa, mgonjwa wetu wa siku nyingi, akaikataa kumi na moja yake, akauliza kwani yeye ni gunia la mkaa. Mwisho Bramwel akawa anatoka dirishani, anakwenda benchi kwa benchi, anamwinamia mtu na kumnong'oneza jina lake. Kazi ikaenda. Ila kila asubuhi, kabla hatujafungua, nilimsikia kwenye chumba cha dawa akifanya mazoezi aliyopewa, akisukuma pumzi na kuita majina ya madaftari makuukuu, ya watu ambao wengine wameshatangulia mbele ya haki. Nilisimama mlangoni nikiitamani kelele ile ile niliyoilalamikia miaka kumi na minane.

Siku ya mwisho alirudi dirishani. Akashika kingo, akavuta pumzi, akaita: "Rumaisa binti Mahmud!" Ilitoka kwa kukwaruza, ikafika benchi la mbele tu. Sote tukatazama chini. Basi mama mmoja wa benchi lile akageuka, akaliita jina. Benchi la pili wakalipokea, wakalipitisha barazani, likatoka nje hadi gatini. Huko Bi Rumaisa, mahamri mkononi, akaitika huku akija: "Labeka, Bwana Bramwel! Naya!"

Aliwaita wote thelathini na wanne namna hiyo. Hakuna aliyepitwa na zamu.

Ahsante, ndugu yetu, kwa kila jina ulilolitunza. Mungu akupe mapumziko mapole, wajukuu watiifu na koo lenye afya. Nasi ukitutamani huko Kakamega, tuite, hata kwa kunong'ona. Mabenchi ni mengi njiani. Watu watalipokezana jina mpaka litufikie.

Fadhil, maabara