Bi Msumeno: Miaka Thelathini na Minne ya Kukata Mawe, Minne ya Kuyasomea

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, fundi sanifu mkuu wa karakana ya kukatia miamba katika Idara ya Jiosayansi ya Madini atazima msumeno wake kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Kwenye faili la utumishi ana jina refu la kuheshimika. Humu idarani, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa kitivo, anaitwa Bi Msumeno, na ukimwita vinginevyo anageuka kuangalia ni nani anayetafutwa.

Kwa wasioijua karakana yake, ni chumba cha mwisho upande wa kushoto, chenye sakafu ya saruji isiyokauka maji na kelele za kutosha kumwamsha mgonjwa. Hapo jiwe linaingia likiwa na ukubwa wa ngumi. Linakatwa kwa msumeno wenye ukingo wa almasi, linagandishwa kwenye kioo, kisha linasagwa taratibu mpaka libaki jembamba kuliko nusu ya unene wa unywele. Likifikia hapo, mwanga unapenya, na mtu akiliweka chini ya hadubini anaona madini yote yaliyomo, kila moja na rangi yake. Likibaki nene kidogo tu, rangi zinadanganya. Alipoajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, alivunja vioo kumi na tisa wiki ya kwanza. Wiki ya pili alivunja vitatu. Baada ya hapo mwandishi wa maneno haya, ambaye ni mtunza stoo ya sampuli jirani yake, aliacha kuhesabu kwa kukosa cha kuhesabu.

Kwa miaka kumi na minne alikata mawe ya wengine. Siku moja alimpelekea mhadhiri mmoja kioo chake na kumwambia kwa adabu kwamba jina lililoandikwa kwenye lebo halifanani na madini yaliyomo ndani. Mhadhiri hakuinua hata macho. "Wewe kata tu, mama. Kusoma tuachie sisi." Bi Msumeno alisema sawa, akafunga mlango polepole, akaenda kula chakula cha mchana. Aliporudi alikuwa na fomu ya kuomba udahili, shahada ya kwanza ya jiosayansi ya madini. Alikuwa na miaka arobaini.

Aliyemwambia aachane na wazo hilo ni huyu huyu mtunza stoo, na leo anaomba radhi hadharani. Sababu zilikuwa nyingi na zote zilionekana za busara. Alama zake za kemia na hisabati za sekondari hazikutosha, kwa hiyo ilibidi arudie mitihani hiyo kama mtahiniwa binafsi. Na mwaka huo huo binti yake alikuwa anafanya mitihani ile ile. Wakagawana meza moja na kitabu kimoja cha hesabu. Binti ndiye aliyekuwa mwalimu, na hakuwa mwalimu mpole. "Mama, hii nilikueleza jana!" Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa akiwaambia wateja kwamba nyumba yake ina wanafunzi wawili na mpishi mmoja, na mpishi ndiye anayewapima suruali. Majibu yalipotoka, binti alimpita mama yake hisabati kwa mbali. Kemia walifungana.

Udahili nao ulikuwa na kikwazo chake. Vioo vyote vya mtihani wa vitendo vilikuwa vinatengenezwa na yeye mwenyewe. Mkuu wa idara wa wakati huo alimwita ofisini. "Ukifaulu, watasema umejipikia na umejipakulia."

"Basi tafuteni mpishi mwingine," akajibu Bi Msumeno. "Mniletee mawe nisiyowahi kuyaona."

Ikaamuliwa kwamba kwa miaka yake minne ya masomo, vioo vya mtihani vitatengenezwa katika karakana ya chuo kingine na kuletwa vikiwa kwenye sanduku lililofungwa.

Akaanza mwaka wa kwanza na vijana wa rika la binti yake. Saa moja asubuhi yuko msumenoni, saa nne yuko kwenye mhadhara na vumbi jeupe kwenye nyusi, saa nane amerudi msumenoni. Wenzake walidhani wamepata dawa ya mazoezi ya nyumbani. Wakawa wanapanga foleni dirishani kwake: "Mama, hili jiwe gani?" Naye hakuwaonea huruma. "Zoezi hilo hilo ninalo mimi. Kila mtu ahangaike na lake."

Fizikia ilimwangusha, na hili yeye mwenyewe ametaka liandikwe. Alipata alama thelathini na moja. Alikaa likizo nzima akisoma kwa ajili ya mtihani wa kurudia, ule ambao wanafunzi wanauita sapu, akapata hamsini na mbili. Karatasi ya majibu aliibandika ukutani karakanani, juu ya pipa la maji, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione.

Kwenye mafunzo ya uwandani mwaka wa pili, wiki sita za kupanda vilima na nyundo na dira, vijana walimpangia kubaki kambini kuchora ramani. Hakubishana nao. Asubuhi walipoamka walikuta ameshavaa buti na amejaza chupa zao za maji. Wiki ya tatu kifundo cha mguu kilimvimba. Alikifunga kwa kitambaa, akaendelea, na anayesema hakulalamika hakuwepo: alilalamika kila hatua, lakini hakukosa hata kilima kimoja. Tangu hapo vijana waliacha kumwita Mama, wakamwita Mwenzetu.

Sasa tufike mwaka wa tatu, kwenye mtihani wa vitendo wa madini. Wanafunzi ishirini na saba walipewa kioo namba sita na kuulizwa madini yaliyojaa ndani yake ni nini. Ishirini na sita, wakiyaona yanang'aa manjano, walitaja madini yenye chuma, kama rangi ile ilivyoonyesha. Mmoja aliandika: "Ni kwazi. Kioo ni kinene mno. Kisageni vizuri ndipo mtuulize." Kwazi ni yale madini ya kawaida kabisa, ambayo kwenye kioo kilichosagwa sawasawa huonekana ya kijivu.

Majibu ya mtahini, aliyelijua jiwe lenyewe, yalisema kwazi. Hapo maneno yakaanza. Amejuaje peke yake? Nani kamwonyesha sanduku? Ndani ya siku mbili aliitwa mbele ya jopo la watu watano, mmoja wao akiwa yule mhadhiri wa "kusoma tuachie sisi". Alielezwa kwamba akipatikana na hatia atapoteza masomo na kazi kwa pamoja.

Mtunza stoo alikuwepo kama shahidi wa funguo, kwa kuwa sanduku lilitunzwa stoo kwake, na anakumbuka alichosema Bi Msumeno. "Naomba kioo hicho. Na naomba twendeni wote karakanani."

Wakaenda. Watu watano wenye tai walisimama kwenye maji, na yeye akaanza kusaga kwa mkono, unga laini wa kusagia kwenye bamba la kioo, akizungusha taratibu, akiangalia, akizungusha tena. Ilichukua dakika kumi na moja. Kisha akakiweka chini ya hadubini na kumkaribisha yule mhadhiri kwanza.

Mhadhiri aliinama, akakizungusha kioo mara mbili. "Kijivu," akasema. Akarudia, safari hii akimtazama usoni: "Ni kijivu. Tulikuwa tumekosea sisi."

Jopo lilimsafisha papo hapo. Lakini lilibaki suala la wale ishirini na sita, ambao walionyeshwa rangi ya uongo na kuadhibiwa kwa kuiamini. Bi Msumeno ndiye aliyeomba swali lile lifutwe kwa wote. Akaambiwa kwamba likifutwa, alama zake nane zinaondoka, na huenda daraja likashuka. "Zinaniuma," alisema. "Lakini hawa wameumia kwa kosa la karakana, na mimi ni mtu wa karakana." Swali likafutwa. Daraja likashuka. Mwaka uliofuata alihitimu akiwa na shahada ya daraja la pili la chini, na siku ya mahafali wenzake ishirini na sita walisimama kabla jina lake halijamalizika kusomwa.

Kampuni mbili za utafiti wa madini zilimtaka. Alibaki. Kwa miaka kumi na mitano iliyopita amefundisha utambuzi wa madini kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ameandika mwongozo wa kusaga vioo unaotumika hadi leo, na kila kioo cha mtihani kimepita kwanza mikononi mwake. Hajawahi kumwambia mtu yeyote akate tu.

Jumatatu ya tarehe 3 Julai hatapumzika. Kikundi cha wanawake wachimbaji wadogo kimemwomba awafundishe kuyatambua madini wanayoyachimba, ili wasiambiwe na mnunuzi kwamba ni mawe ya kujengea. Amekubali, na tayari ameagiza hadubini ya mkono.

Bi Msumeno, kwa niaba ya idara nzima, na kwa niaba ya wote uliowakatalia jibu dirishani ili walipate wenyewe, asante. Tunakuombea afya njema, miguu imara, na siku nyingi zenye furaha pamoja na mumeo, binti yako na wajukuu. Maisha yako ya kustaafu yawe mema, Mwenzetu.