Fundi Koki na Udongo wa Kwanza

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, kabla ya kuanza na kuzaliwa kwake kama ilivyozoeleka, familia inaomba ianze na swali, kwa sababu marehemu mwenyewe aliishi nalo miaka tisa, akalilalia na kuliamkia, na hakulipatia jibu. Swali ni hili: mama akisimama pembeni, akamwona mgeni anatupa udongo wa kwanza juu ya jeneza la mwanawe, kisha kesho yake akamfuata mgeni yule na kumshukuru kwa moyo mweupe, alikuwa anashukuru nini? Mimi ninayesoma ni mdogo wake anayemfuata, nimeliuliza pamoja naye mara nyingi miezi hii ya mwisho, na mtaona tulipofika nalo, ambapo si mbali.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1955, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mchomeleaji vyuma na mama aliyefulia watu nguo. Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, akajulikana kwa utundu kuliko kwa hesabu, na mwaka wake wa mwisho alifungua bomba la uwanjani ili aone ndani kuna nini, shule nzima ikakosa maji, na mwalimu mkuu, badala ya kumfukuza, alimpeleka kwa fundi bomba wa mjini akamwambia, "Huyu mchukue wewe, sisi ametushinda." Koki aliyoifungua siku ile alitembea nayo mfukoni mpaka ikamwachia jina, na wengi mliopo hapa, mkiulizwa jina lake la kwenye kitambulisho, mtaangaliana.

Tarehe 1 Februari 1976 aliajiriwa kuwa fundi bomba wa hospitali ya wilaya, akaitumikia hadi alipostaafu Juni 2015, na katika miaka yote hiyo alizijua wodi kwa chini yake, yaani mabomba, mifereji na mashimo, kama wengine wanavyozijua kwa majina ya madaktari. Ni huko ambako mwaka 1979 bomba lilipasuka katika wodi ya wazazi, naye akaingia na spana yake akitaka watu wote watoke, mkunga aliyekuwa zamu akamjibu bila kugeuka, "Wewe fundi, huyu mtoto anakuja sasa hivi, hasubiri koki yako, kama unataka kuziba, ziba ukiwa umeinama." Aliziba akiwa ameinama, na tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na mkunga huyo, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume wawili, mmoja mwaka 1981 na mwingine 1988, na katikati yao binti, aliyezaliwa mwaka 1984, ambaye leo ni karani wa mahakama.

Julai 2009 kanisa lake lilituma kikundi cha waumini kwenda ng'ambo kuhudumu katika kituo cha kulea yatima, wakaenda waganga wa meno, wanakwaya na fundi mmoja, maana kituo kile kilikuwa na mabomba mengi na maji kidogo. Jioni ya pili, wakati wa ibada, mtoto wa kike wa miaka miwili alisinzia begani kwake, na kaka yake, aliyekuwa na miaka sita, akaja akamwondoa begani pale polepole, kama mtu anayechukua chake kwa aliyemwekea. Marehemu aliulizia, akaambiwa hawana baba wala mama. Siku ya mwisho kila mgeni aliombwa achague mtoto mmoja wa kumfadhili, yeye akaomba wawili, akisema hawezi kupunguza familia ambayo imeshapunguzwa. Mkewe alipompokea uwanja wa ndege na kusikia habari, alisema, "Tumekutuma mabomba, umeturudia na watoto," kisha akaitundika picha yao sebuleni, katikati ya picha za wanawe. Binti yao hakulifurahia jambo hilo, na hakuficha. Alikuwa akisema mezani, baba yake akisikia, kwamba ukitaka mzee akuulize habari za masomo, kwanza kazaliwe ng'ambo.

Marehemu alirudi huko mara ya pili Aprili 2014, kufunga tangi jipya. Alimkuta mvulana amekuwa mrefu, mwenye maneno machache, bado anamtangulizia mdogo wake chakula. Wiki ile ile mvulana alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akafariki tarehe 22 Aprili akiwa na miaka kumi na mmoja, na kesho yake akazikwa nyuma ya ukuta wa kituo. Kaburini, msimamizi wa kituo, mwanamke mzee anayeheshimika, alisema mbele ya wageni kwamba mtoto huyu hakuwa na mzazi duniani ila baba mfadhili, akamwita Koki asogee, naye akasogea, akainama, akashika udongo, akatupa. Wakafuata wageni, wakafuata walezi, na mwisho kabisa wakapita wanawake wa jikoni na aproni zao, kila mmoja na konzi yake ya udongo.

Kesho yake sinki la jikoni liliziba. Alikuwa amelala chali chini yake, akifungua kiungo cha bomba, wakati mpishi mmoja alipochuchumaa karibu na kummulikia tochi, kisha akaanza kusema kwa lugha yake, kwa sauti ya chini, na dereva wa kituo, aliyekuwa akiwatafsiria wageni, alisimama mlangoni asitafsiri.

"Anasema nini?" Koki aliuliza.

"Anashukuru tu, baba."

"Anashukuru nini, nami sijalizibua?"

"Si sinki. Anashukuru umemzika mtoto wake vizuri."

"Mtoto wake yupi?"

Dereva aliangalia nje kwanza, kisha akasema, "Baba, wewe ulimzika mmoja tu."

Marehemu alitusimulia kwamba tochi ile haikutikisika, wala mwanamke yule hakulia, alimmulikia mpaka kazi ikaisha, na maji yalipoanza kushuka alisimama akaendelea kuosha vyungu. Habari kamili aliipata kwa msimamizi mwenyewe, ambaye hakukana. Mama yule alifiwa na mume akabaki hana pa kulala, kituo hakipokei mtoto mwenye mzazi hai, basi msimamizi aliwaandikisha watoto kuwa hawana mtu, baadaye akampa mama kazi ya jikoni ili awaone, kwa sharti moja, kwamba wasimwite mama, hata wakiwa peke yao, kwa kuwa ulimi wa mtoto huteleza. Wao walimwita mpishi. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini hawakusema mzazi huyo aufiche wapi.

Aliporudi alimweleza kiongozi wa safari hizo za kanisa, na kiongozi akamjibu, "Koki, ukilisema hili kanisani, Jumapili ijayo nusu ya wafadhili watajitoa, na watoto wanaokula leo hawatakula kesho, sasa wewe chagua." Familia haimlaumu kiongozi huyo, kwani alichosema kilikuwa kweli, na ndiyo maana kiliuma. Marehemu alichagua kunyamaza. Kanisani walipoombea yatima wetu wa ng'ambo aliinamisha kichwa, lakini amina hakuitika, na mama yetu alipozikwa mwaka 2017, yeye kifungua mimba alikataa kutangulia kutupa udongo, akasimama nyuma mpaka wote walipopita, akauliza kama kuna mwingine, ndipo akatupa. Kuna ndugu waliosema pale pale kwamba ndege zimempa kiburi. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema.

Mwishoni mwa mwaka 2022 macho yake yalianza kuwa ya manjano, akasema ni uchovu, nguo zikampwaya, akasema fundi cherehani amekosea, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na Februari 2023 madaktari waliona saratani ya ini iliyokwisha kusambaa. Maumivu yake yalikuwa makali na hatutayapamba. Julai ile ilikuja habari kwamba msichana, aliyefikisha miaka kumi na sita, atahamishiwa mwezi Oktoba kituo kikubwa katika mji mwingine, kama wanavyohamishwa wote wa umri huo. Kule hakukuwa na kazi ya jikoni kwa mama yake, na mama asingeweza hata kumuaga kama mama.

Ndipo marehemu alipotukusanya chumbani kwake, akatueleza yote kwa mara ya kwanza, akipumzika kila baada ya maneno machache. Mwanawe mkubwa alisema, "Baba, wewe unaumwa, hayo ya ng'ambo yasubiri," naye akajibu, "Mimi ndiye wa kusubiri. Yule anahamishwa." Kisha akasema uamuzi wake: mtu wa familia hii aende, asimame pamoja na mama yule mbele ya uongozi wa kituo, mama aseme mwenyewe kwamba mtoto ni wake, na familia iseme kwamba yeye Koki alijua na akanyamaza, na kwamba familia itaendelea kumlea msichana nyumbani kwa mama yake kama ilivyomlea kituoni. Tulitazamana, nani aende, wana wa kiume wakatazama sakafu, na binti akasema, "Nitakwenda mimi, nyie mtaanza kulia kabla ya kufika."

Marehemu alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 3 Oktoba 2023, katika hospitali aliyoitumikia, mkewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu pale ambapo hawakuweza kuyaondoa, mafundi wenzake waliokesha naye kwa zamu, na majirani ambao milango yao haijafungwa tangu Jumanne. Kwenu mnaofadhili watoto katika kituo kile, marehemu aliagiza haya yasomwe hapa bila kupunguzwa, na akaomba asiachwe mtoto hata mmoja, ila kila mmoja wenu aulizie mapema, asichelewe kama yeye alivyochelewa, mtoto huyu ana nani.

Mwisho, tangu jana mmeuliza kwa kunong'ona kwa nini binti yake wa pekee hayupo msibani, na wengine mmeshajijibu. Aliondoka Jumapili, baba yake akiwa hai, na aliyempeleka uwanja wa ndege ni yule yule kiongozi wa safari, ambaye walipofika alimbebea sanduku mpaka ndani. Jumanne alipopigiwa simu ya msiba aliuliza kama ageuze, na mama yake, aliyepokea watoto wa watu maisha yake yote, alimjibu, "Mwanangu, baba yako tutamzika sisi, wewe maliza kazi." Juzi Alhamisi, katika ofisi ya kituo, binti alisimama upande wa kulia wa mpishi, na mpishi akasema. Alifutwa kazi saa ile ile, na msimamizi mzee pamoja naye. Mama na mwanawe wamelala jana katika chumba kimoja cha kupanga, binti wa marehemu akiwa nao, amelala sakafuni kwa kuwa kitanda kimoja hakikuwatosha, naye atarudi wiki ijayo, akishawapatia cha pili.

Fundi, kaka yangu, lala salama, kazi uliyoituma imefika.